Sura ya Melkizedek

Mtu pekee ambaye Bibiana alijua kumchora sawasawa alikuwa mumewe. Mbuzi alimchora, injini ya treni aliichora, mkungu wa ndizi aliuchora mpaka mtu akatamani kunyoosha mkono. Lakini akija kwenye mwanamume, awe askari, mkulima au Mtakatifu Yosefu, alipomaliza na kurudi nyuma kutazama, alikuta amemchora Melkizedek. Masikio yaleyale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria, paji lilelile pana, na mdomo uleule wa mtu anayetaka kucheka ila anangoja wenzake waanze.

Hakuwa akikusudia. Alitoka shule ya masista kule milimani akiwa na darasa la nane na mazoea ya kuinamisha macho mbele ya kila mwanamume. Melkizedek ndiye wa kwanza aliyemwambia, "Nitazame basi, mimi si padri." Akamtazama, na sura ile ikamwingia mkononi isitoke tena.

Walikaa Kilosa, kwenye kota za reli. Melkizedek alikuwa gadi wa treni ya Kidatu, ile inayoshuka kupitia Mikumi hadi kwenye mashamba ya miwa. Kazi yake ilikuwa kukaa behewa la mwisho, kupuliza filimbi na kupunga bendera ya kijani, na aliipenda mno. Bibiana alikuwa na binti mmoja mdogo, Regina, na jiko, na tuta la mchicha, na kila alipopata nafasi alichora. Alichora kwa mkaa sakafuni, akafuta, akachora tena. Alichora kwa penseli kwenye mifuko ya saruji aliyoikata na kuinyoosha kwa pasi. Majirani walikisifu kipaji chake jinsi wanavyomsifu mtu anayejua kupiga mluzi vizuri: jambo zuri, lakini si jambo la kumweka mtu mjini. Hata yeye mwenyewe aliona haya kuliita kazi.

Kazi ya kwanza aliyopewa na mtu asiye jamaa yake ilitoka Kimamba. Mzee Mwinshehe alikuwa na hoteli ndogo ya chai na mandazi karibu na stesheni, akataka ukuta wa mbele uchorwe kitu cha kuwavuta abiria. Melkizedek, ambaye hakuweza kukaa na mtu kwa muda bila kumsifu mkewe, alikutana naye dukani Kilosa akamwambia mchoraji yupo. Bibiana akaenda na makopo ya rangi, akachora mwanamume anayekunywa chai, macho ameyafumba kwa raha. Bila shaka mwanamume huyo alikuwa Melkizedek.

Haukupita muda, Mwalimu Beda akaketi chini ya picha ile. Huyu alikuwa mratibu wa elimu ya watu wazima, mtu mwembamba mwenye baiskeli iliyofungwa mizigo mbele na nyuma, anayezunguka vijijini jua na mvua.

"Mzee Mwinshehe, huyu wa ukutani ni nani?"

"Gadi wa treni ya Kidatu."

"Na aliyemchora?"

"Mkewe. Kunywa chai, Mwalimu, inapoa."

Mwalimu Beda hakuimaliza chai yake. Jioni ileile alikuwa mlangoni kwa Bibiana, jasho linamchuruzika.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, na nchi nzima ilikuwa darasani. Watu wazima walijifunza kusoma chini ya paa lolote lililopatikana, na baada ya kisomo ikaja kampeni ya afya: chimbeni vyoo, chemsheni maji ya kunywa, msikojoe mtoni. Beda alikuwa na vipeperushi tele, lakini wanafunzi wake wengi walikuwa bado wanapigana na irabu. Alitaka picha, tena picha kubwa, zinazoonekana na aliyekaa nyuma kabisa.

"Mwalimu, mimi sikusomea kuchora," Bibiana akamwambia.

"Na mimi sikusomea kuendesha baiskeli, na hivi nimefika."

Wiki iliyofuata alimtambulisha kwenye mkutano wa walimu wa kisomo. "Huyu," alisema, "ndiye msanii wetu." Bibiana alirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyebeba maji kichwani, akiogopa lisimwagike. Msanii. Alilisema peke yake jikoni, kwa sauti ya chini, akaangalia kama Regina amesikia.

Miezi ile ilikuwa ya raha nyumbani kwao. Melkizedek akirudi safari, kabla hata hajavua kofia, aliuliza, "Haya, leo naumwa nini?" Akiambiwa malaria, alijilaza kwenye mkeka akatetemeka mpaka Regina akamletea blanketi. Akiambiwa mlevi, alikumbatia mtungi mtupu akalala mdomo wazi, yeye ambaye pombe ilikuwa haijapita kooni mwake tangu azaliwe. Kwa bango la choo alichuchumaa nyuma ya migomba, na jirani aliyekuwa akipita akakimbia huku ameziba macho. Bango lililompendeza Bibiana kuliko yote lilikuwa la kichocho: mwanamume amesimama katikati ya mto, suruali imekunjwa mpaka magotini, anakojoa huku anapiga mluzi, na kando yake wanawake wanateka maji. Beda alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. Likanakiliwa mara nyingi, likapelekwa Kimamba, Mikumi, Kidodi na kwingineko.

Mtu wa kwanza kuja kulalamika alikuwa mama yake Melkizedek. Bi Marselina alikuwa mkulima wa Ruhembe, mjane, mwenye mpunga wake na maneno yake, na kwa wakati ule alikuwa pia mwanafunzi wa kisomo. Alishuka kwenye treni na kapu la mchele, akaingia ndani, hakuketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mume wako yuko wapi?"

"Amekwenda stesheni, mama. Karibu, kaa."

"Sikai. Nimetoka shambani, nimenawa miguu, nimekwenda darasani nijifunze kuandika jina langu. Mwalimu anakunjua karatasi. Namwona nani? Mwanangu, anakojoa mtoni mbele za watu!"

"Mama, si yeye. Ni mtu tu."

"Mtu tu! Masikio yale nimeyaona mimi kabla yako. Nimeyaosha mimi."

Bibiana aliinama akajifanya anatafuta kijiko, kwa sababu kicheko kilikuwa kimemjaa kifuani. Alimpikia chai, akamwomba radhi kwa adabu zote, akamfungia sabuni za kurudi nazo. Moyoni alisema ni mambo ya wazee.

Ukweli aliuona mwenyewe wakati wa kiangazi, alipoitwa kwenda kuchora ukuta wa zahanati mpya ya kijiji karibu na Mikumi. Alisafiri na treni ya mumewe, yeye ameketi behewa la abiria. Walipofika Mikumi na treni kusimama, alichungulia dirishani amwone Melkizedek akishuka na sare yake, kofia sawasawa, bendera kwapani. Alipenda kumwona hivyo. Mara kundi la vijana waliokuwa wakipakia magunia likapaaza sauti.

"Bwana Kichocho! Bwana Kichocho, mto uko kule!"

Stesheni nzima ikaangua kicheko. Mmoja akajifanya anakunja suruali, akapiga mluzi. Melkizedek aliinua mkono, akawasalimu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Mwanamke mmoja tu hakucheka, muuza mihogo mnene aliyefunga kitambaa chekundu kichwani. Alimsogelea gadi, akamwuliza kwa sauti ya chini lakini Bibiana alisikia, "Baba, lakini umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda, mama. Nashukuru," Melkizedek akajibu kwa upole, maana kumweleza ingekuwa hadithi ndefu.

Alipogeuka aliona uso wa mkewe dirishani. Akatabasamu, akapandisha mabega. Bibiana alishuka mbio.

"Tangu lini wanakuita hivi?"

"Tangu masika."

"Na Kidodi?"

"Kidodi mimi ni Bwana Mtungi. Wana bango la pombe."

"Mbona hukuniambia?"

Melkizedek alitazama saa ya stesheni, akatazama viatu vyake. "Ungeacha kuchora," alisema.

Pengine mambo yangekwisha hapo, kwa kuwa Melkizedek alikuwa mtu wa kuvumilia utani. Lakini mwishoni mwa mwaka balozi wa nyumba kumi wa kota za reli alihamishwa, na watu wengi wakamtaja yeye. Hakuomba, ila alipotajwa alifurahi sana. Alipiga pasi shati lake jeupe mwenyewe. Mkutanoni, Bibiana akiwa ameketi upande wa wanawake, alisimama fundi mmoja wa karakana aliyekuwa na mtu wake wa kumpigia debe.

"Ndugu zangu," alisema, "sina ubaya na Ndugu Melkizedek. Lakini tufikiri. Wageni wa chama wakija, wakauliza balozi wenu ni yupi, tutawaambia ni yule aliyelala kando ya mtungi?"

Walicheka wote, hata waliompenda. Melkizedek naye alicheka. Bibiana, aliyezijua alama zote za uso ule, aliona midomo inacheka na macho yamebaki peke yake. Mikono ilipohesabiwa, alishinda yule mwingine.

Walirudi nyumbani kwa miguu jua likiwa bado juu, Regina amebebwa mabegani mwa baba yake. Walipofika mlangoni akamshusha.

"Mama Regina, nina ombi," Melkizedek akasema. "Naomba unirudishie sura yangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, pengine isingemuuma Bibiana vile.

"Nitakurudishia," akasema. "Nisamehe."

Basi akaanza kuchora watu wengine, watu wa kubuni. Aliwapa pua ndefu, aliwapa vipara, aliwapa ndevu. Wakatoka wagumu kama magogo yaliyovikwa kaptula. Aliwafuta akaanza upya, na kila mkono uliposahau kidogo, masikio yakarudi. Aliyafuta masikio. Beda aliyachukua mabango mapya, akarudi nayo baada ya siku chache akiwa ameyakunja vizuri.

"Mama Regina, sitaki kukuvunja moyo."

"Sema tu, Mwalimu."

"Darasa la Ruhembe wameniuliza kama huyu ni mtu au kichuguu."

Bibiana aliosha brashi, akazifunga kwa kitambaa, akaziweka juu ya kabati. Akatoa uzi na kitambaa cheupe akaanza kudarizi vitambaa vya meza, kama wanawake wenzake wa kota. Alidarizi waridi, mawaridi yasiyofanana na ua lolote lililowahi kuota Kilosa. Lile neno la msanii alilopewa na Beda mkutanoni aliliona sasa kama nguo aliyoazimwa, na mwenyewe amekuja kuidai. Chakula kilipikwa kwa wakati, nyumba ilifagiliwa, na Melkizedek akirudi safari alikuta kila kitu mahali pake. Alivua kofia, akakaa. Hakuwa na ugonjwa wowote wa kuuliza.

Hali hiyo aliivumilia kwa muda mfupi kuliko alivyovumilia utani wa stesheni. Kisha mchana mmoja, Bibiana akiwa anachambua mchele barazani, alikuja akakaa kwenye ngazi karibu na miguu yake.

"Mimi sikukuambia uache."

"Uliomba sura yako, nimekupa."

"Niliomba yangu. Sikuomba uache za watu wengine."

"Sina za watu wengine, Baba Regina. Ninayo yako tu. Ndiyo niliyoitazama."

Melkizedek aliokota punje ya mchele iliyoanguka, akaitupia kuku. "Basi katazame nyingine."

"Nitaanzia wapi? Nimkazie macho mume wa mtu, mkewe aniache salama?"

"Unaomba. Unasema, mimi ni mchoraji, naomba nikutazame. Njoo Mikumi siku za zamu yangu. Treni inasimama pale muda mrefu, wanapakia, wanapakua, wanangoja njia iwe wazi. Watu wamekaa tu wanapiga miayo. Kuna wapasua mbao, kuna wafugaji wameleta ng'ombe, kuna wazee wa miwa. Wapo wengi, mke wangu. Mimi nawaona kila wiki, nikawa nasema, laiti angewaona."

Bibiana aliutazama utosi wake. Ulikuwa umeanza kupata mvi ambazo hakuwahi kuzichora.

Akaenda. Mara ya kwanza alikaa kwenye benchi la stesheni na ubao wake magotini, na hakuthubutu kumwomba mtu yeyote, alichora mizigo. Mara ya pili alijikaza akamwomba mzee mmoja mpasua mbao. Mzee akamwuliza kwa mashaka, "Utanipa ugonjwa?"

"Hapana, baba. Nitakuchora ulivyo."

"Mimi nichore nimemaliza kuchimba choo. Kizuri, chenye mlango."

Habari zikaenea kwamba mke wa Bwana Kichocho anachora bure, na kila mtu akataka kuchorwa, mradi awe upande mzuri. Huyu achorwe akichemsha maji, yule akifyeka majani, mwingine amekaa na redio. Bibiana aliwachora wote. Kidogo kidogo mkono ukalegea. Aligundua kwamba paji la mtu hubeba jua tofauti na paji la mwenzake, kwamba kuna watu wanaosimama kwa mguu mmoja hata wakiwa na miwili, kwamba mchunga ng'ombe huiegemea fimbo yake bila kuikumbuka. Magogo yakapata shingo, yakapata magoti. Akirudi nyumbani alimwonyesha Melkizedek, naye aliwatambua mmoja mmoja: "Huyu ni yule wa magunia! Anavyopenda ugomvi, umeuona pale kwenye kidevu."

Tatizo likabaki moja. Alikuwa na kijiji kizima cha watu wenye afya, na hakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Siku moja yule muuza mihogo mwenye kitambaa chekundu alikuja na beseni lake, akaligeuza, akakalia. Jina lake lilikuwa Fausta. Alikuwa amezitazama picha zikipita kutoka mkono hadi mkono tangu wiki za mwanzo.

"Unawachora wote wanacheka na meno yao," alisema. "Mgonjwa wako nani?"

"Hakuna anayetaka, dada."

"Nichore mimi."

Bibiana akafikiri anataniwa. Fausta alishusha sauti.

"Mimi kichocho nilikuwa nacho. Niliolewa msichana, nikapalilia kwenye maji ya mifereji kule kwenye miwa. Nikakojoa damu. Nikanyamaza. Nilidhani ni mimi tu duniani, nilidhani ni adhabu ya jambo fulani. Nilifua nguo zangu mbali na wenzangu, miaka, mpaka siku nilipoanguka nikabebwa. Yule mtu wako wa mtoni anachekesha, na mimi sikatai, watu wacheke. Ila mimi sikuwa nikicheka. Mumeo nilimhurumia kweli, nikidhani naye ni mwenzangu."

Bibiana aliiweka penseli chini. Aliliona lile bango lake alilolipenda kuliko yote, mwanamume anapiga mluzi mtoni, na akahisi uso unamchoma.

"Watakujua kwamba ni wewe," alisema.

"Wanijue. Nimepona."

Akamchora. Hakumwambia akae vipi. Alimwuliza tu siku zile alikuwa akikaa vipi, na Fausta akakumbuka kwa mwili wake. Akageuza mabega. Mkono mmoja ukashuka tumboni, mwingine ukaushika upindo wa kanga karibu na mdomo, na macho yakatazama upande ambao hakuna mtu. Bibiana alichora haraka, kisha akachora polepole, akasahau alipo. Nguo zilizofuliwa kando. Maji. Mwanamke amekaa peke yake na siri yake kama mtu aliyekalia kaa la moto.

Injini ilikuwa imeshapiga honi. Bwana stesheni alikuwa anaita. Melkizedek alisimama kwenye mlango wa behewa la mwisho, filimbi mdomoni, bendera mkononi, akamwona mkewe ameinama juu ya ubao, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Akaishusha bendera. Alianza kukagua gurudumu moja kwa makini makubwa, akaligonga, akazunguka upande wa pili akaligonga tena.

"Gadi! Kuna nini?" bwana stesheni akapiga kelele.

"Nahakikisha usalama, mzee!"

Alilihakikisha gurudumu lile mpaka Bibiana alipoinua kichwa.

Bango la Fausta lilipelekwa Ruhembe kabla ya kwingine kote, na Bibiana alifuatana na Beda ili alione likikunjuliwa. Alikaa nyuma, kwenye gogo, nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake. Mwalimu alipolitundika, Bibiana alingoja kicheko kama ilivyokuwa desturi ya mabango yake. Hakuna aliyecheka. Watu walitazama. Mwanamume mmoja alivua kofia, pengine bila kujua kwa nini. Bi Marselina alitikisa kichwa taratibu akasema kwa lugha ya nyumbani jambo ambalo mtu humwambia binti aliyefiwa. Darasa lilipokwisha, mwanamke kijana aliyekuwa amekaa karibu na nguzo alibaki. Alimwuliza Beda, huku ameugeuza uso pembeni, zahanati hufunguliwa siku gani. Baada yake akaja mwingine.

Bibiana alitoka nje akaenda kusimama karibu na shamba la miwa. Alilia kidogo, si kwa huzuni. Alikuwa amejua siku zote kwamba anaweza kuwafanya watu wacheke. Hakujua kwamba anaweza na hili.

Mabango yale yalisafiri kuliko mwenye kuyachora. Mwaka uliofuata, wakati vijiji vipya vinajengwa na watu wanahamia, alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam, mama wa makamo aliyeshughulikia vitabu vya kisomo. Alitazama picha za Bibiana moja baada ya nyingine mezani kwa Beda, akauliza amesomea wapi. Aliposikia jibu alizirudia picha zote tangu ya kwanza. Kisha akasema wanatafuta wachoraji wa vitabu, kwamba kuna mafunzo ya mwaka mmoja huko Dar, na baada ya hapo kuna kazi, kazi ya kudumu.

Bibiana alijibu kwamba atamwuliza mumewe. Melkizedek, aliyekuwa nje ya dirisha akijifanya anafunga kamba za viatu, akasema kwa sauti, "Amekubali!"

Lilibaki suala la Regina na nyumba. Bi Marselina aliitwa, akaja, akasikiliza habari yote bila kukatiza. Bibiana alikuwa amejitayarisha kwa maneno makali.

"Mwaka mmoja," Bi Marselina akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nitakaa na mjukuu wangu. Mpunga nitauacha kwa mdogo wangu. Lakini umewachora wauza mihogo, umewachora wapasua mbao, umewachora mpaka wachunga ng'ombe. Mimi mama mkwe wako nimekosa nini?"

Akaoga, akavaa kanga mpya, akaketi kwenye kiti barazani, mikono magotini, uso umekazwa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Bibiana alishika penseli akangoja. Alikuwa ameshajifunza kungoja. Muda ukapita, na kuku mmoja mkorofi akapanda juu ya ungo wa mchele. Bi Marselina akaruka, kanga mkono mmoja, kandambili mkono mwingine, akamfokea kuku yule kwa majina ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha kisomo. Hapo penseli ikaanza kukimbia.

Alipoletewa picha, bibi kizee aliishika mbali kidogo na macho.

"Nina hasira hivi?"

"Ndiyo, mama."

Aliitazama kwa muda. Mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Marehemu baba yake Melki alikuwa akiniambia hivihivi, sikumwamini." Akaomba misumari, akaitundika mwenyewe mkabala na mlango, ili kila anayeingia aanze kwa kusalimiana nayo.

Safari ilikuwa mwezi wa Januari. Melkizedek alichukua likizo amsindikize mkewe hadi Dar, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alipanda treni kama abiria, amevaa shati la maua, hana filimbi. Hakujua mikono aiweke wapi. Walipotoka Kimamba alichungulia dirishani, akasema breki za behewa la tatu zinalia. Morogoro alisema gadi huyu hana haraka na watu. Bibiana alimmenyea chungwa, akampa nusu.

"Mwaka si mwingi," alisema Melkizedek.

"Si mwingi."

"Nimeshaomba uhamisho. Nimewaambia hata kama ni kufagia stesheni ya Dar, nitafagia."

"Wewe? Uache bendera yako?"

"Bendera ziko nyingi." Akatema mbegu ya chungwa dirishani. "Wewe utapata njaa kule, hujui kujipikia ukiwa unachora. Utaunguza sufuria zote."

Ni kweli, aliunguza. Lakini hilo lilikuwa baadaye, pamoja na chumba cha Magomeni, na walimu waliomfundisha mambo ya kivuli na mwanga aliyokuwa ameshayaona Mikumi bila kuyajua majina, na kitabu cha kwanza kilichotoka na picha zake, na uhamisho uliokuja ukiwa umechelewa, Melkizedek akishuka stesheni na Regina mkono mmoja na jogoo mkono mwingine. Siku ile ya Januari walikuwa bado wako Ngerengere, treni imesimama na hakuna aliyejua kwa nini. Abiria walianza kunung'unika. Melkizedek alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nenda," Bibiana akamwambia. "Nenda ukamwulize gadi mwenzako, usije ukafa hapa."

Akaenda mbio kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani, na yeye akabaki akimtazama anavyozunguka kati ya mabehewa, ameinama, anagonga magurudumu kwa kipande cha chuma alichokiokota, shati lake la maua linang'aa juani.